Kisima Kilichochimbwa Kando ya Josho

Nekesa, jirani yangu wa zamani, alinipigia simu Jumanne asubuhi nikikunja nguo, akasema Mama Njeri ametuacha. Alhamisi tulikuwa wanawake wanne katika chumba cha maiti, tukimvalisha. Shemeji ya marehemu, aliyefika kutoka Murang'a asubuhi hiyo, alimfungua kiganja ili akifute, akakishika kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Ngozi ilikuwa imefanya vijinundu vigumu, vidogo kama punje za mtama, vimejaa hadi kwenye vidole, na katikati palikuwa na kidonda ambacho Nekesa alisema hakikuwahi kufunga. Nyayo zilikuwa vivyo hivyo. Shemeji akatuuliza kama marehemu aliwahi kufanya kazi ya kuponda kokoto. Nekesa alinitazama mimi. Nilijibu kwamba hapana, alikuwa msimamizi wa ploti ya vyumba vya kupanga, kazi yake ilikuwa funguo na ufagio. Kwenye mazishi niliombwa kusema machache kama mpangaji wa zamani, nikasema hakuwahi kumnyima mtu chai. Hilo ni kweli. Lakini nimekula mkate wangu kwa kuandika ripoti, na ripoti iliyoachwa nusu naijua nikiiona. Sina barua ya daktari inayoeleza Mama Njeri alikufa kwa nini. Ninachoweza ni kupanga mambo ya mwaka mmoja jinsi yalivyofuatana, na kuweka jina langu mahali panapolistahili.

Katikati ya 2007 nilikuwa na miaka ishirini na minne na chumba kimoja cha mabati pale Kawangware inapopakana na Riruta Satellite. Vyumba vya ploti yetu vilikuwa kumi na vinne, saba kila upande, milango ikitazamana, na katikati ya ua palikuwa na kisima chenye pampu ya mkono. Kisima hicho kilikuwa fahari yetu. Maji ya mfereji yalikuja siku mbili kwa wiki, yakiwa na rangi ya majivu, lakini ya kisima yalikuwa meupe, baridi, bila harufu, na chai iliyopikwa nayo ilisifiwa hadi ploti za jirani. Kazi yangu wakati huo ilikuwa kuzunguka na chupa nikichota maji ya visima kwa ajili ya mhadhiri mmoja tuliyemwita Daktari. Tulipima kwa kijichupa kidogo: unatia maji, unatia unga, unafunga kwa kifuniko chenye kikaratasi, unasubiri. Kikaratasi kikibaki cheupe, ni salama. Kikiwa cha manjano, kuna sumu ya aseniki. Kikiwa cha kahawia, unaondoka kwa mguu mwepesi ukamwite mkubwa wako. Nilipima visima vingi mwezi ule na karibu vikaratasi vyote vilibaki vyeupe. Kisima chetu nilikipima mwisho, kwa kujifurahisha tu, kwa sababu kilikuwa mlangoni pangu. Kikaratasi kilitoka na rangi ya chai ya maziwa.

Daktari alikuja mwenyewe na kupima mara tatu. Kisha akaenda kuzungumza na wazee wa mtaa, akarudi na maelezo. Zamani, kabla ya nyumba, pale palikuwa na josho la ng'ombe. Ng'ombe walitumbukizwa katika maji yenye aseniki ili kupe wafe, mwaka baada ya mwaka, na josho lilipofungwa lilifukiwa tu na watu wakasahau. Sumu ile haiozi. Ilikuwa imekaa kwenye udongo ikingoja mtu achimbe. Alinieleza kwa utulivu inachofanya: haiui kwa siku moja wala kwa mwezi. Inaanza na madoa kwenye ngozi, kisha viganja na nyayo kuwa ngumu, kisha vidonda, na baada ya miaka mingi saratani. Aliye hatarini zaidi ni mtoto anayekua nayo. Mlango uliotazamana na wangu ulikuwa wa Nekesa, mama kutoka Bungoma aliyekuwa na ujauzito wa kwanza, na nilimsikia kila alfajiri akipampu.

Tiba ilikuwa rahisi na ya bei ya chini, na ndiyo iliyonipeleka Mashimoni, Kibera, kwa Odhiambo. Kiwanda chake kilikuwa chumba kimoja na kibaraza nyuma ya kibanda cha kuuzia maji. Alitengeneza vile vigae vya udongo vinavyokaa ndani ya jiko la makaa, na pembeni alikuwa na rundo la vilivyopasuka. Vilivyopasuka ndivyo Daktari alivyovitaka. Tulivitwanga kwa nyundo hadi vikawa kama punje za mahindi, tukavichekecha, tukaviloweka katika maji ya chumvi ya chuma yaliyoletwa kwa madumu kutoka maabara, kisha Odhiambo akatia magadi kidogo kidogo huku akikoroga kwa mpini wa jembe, mpaka kutu ikaganda juu ya kila punje. Tulizianika juu ya magunia, tukazipasha kwa moto mdogo katika tanuri lake, tukazisuuza. Kutu ndiyo iliyofanya kazi. Maji yakipita katikati ya udongo ule, sumu hushikana na kutu na kubaki nyuma. Mwishoni ulikuwa na kitu chekundu ambacho ungekiona njiani usingeinama kukiokota.

Odhiambo alikuwa mtu mfupi wa miaka arobaini hivi, mwenye mzaha usiokatika. Kila tanuri lilipofunguliwa aliokota punje moja na kuiweka kwenye ncha ya ulimi: ikishika, imeiva; ikiteleza, inarudi motoni. Daktari alimwomba aache, akajibu kwamba ulimi wake ulikuwa na shahada kabla Daktari hajazaliwa. Mimi alinitania kwa kabila langu. Alisema Wakamba ndio wenye sifa ya kujua kupika madawa, sasa imekuwaje Mjaluo ndiye anakoroga sufuria na Mkamba amekaa na kalamu. Mke wake alitupa ugali na omena juu ya sinia moja, tukala tukiwa tumekaa kwenye magunia, mikono yetu ikiacha alama nyekundu kwenye ugali, na majirani walipita wakiuliza kama tunauza dawa za tambiko. Sote tulicheka. Ninapokumbuka kicheko kile sasa, nashangaa jinsi kila neno lililotumika baadaye kutaka kumuua lilivyokuwa limeshasemwa pale, mchana kweupe, na watu wenye midomo imejaa chakula.

Kabla ya kuweka ndoo za kwanza za kuchujia, zenye udongo ule ndani, nilienda kumweleza Mama Njeri. Chumba chake kilikuwa cha kwanza langoni, kitanda nyuma ya pazia la maua, viti viwili vilivyofunikwa kwa vitambaa vya kufuma, na redio iliyokuwa ikizungumza kampeni tangu asubuhi. Alinipa chai na nduma. Nilimwonyesha kikaratasi na kumweleza habari ya josho, na alisikiliza bila kunikatiza, mkono juu ya kikombe kama anayezuia kitu kisitoke. Aliuliza swali moja tu, kama kuna mtu tayari anaumwa. Nilimwambia sijui. Ndipo aliposema maneno ambayo nimeyarudia kichwani miaka yote hii.

"Mwende, sikiza. Hii ni mwaka ya kura. Ukisimama hapo nje useme maji iko na sumu, hakuna mtu atauliza mambo ya ng'ombe. Watauliza ni nani ameweka. Ngoja tupige kura, watu watulie, alafu tutawaambia wewe na mimi."

Nilikubali. Sitaki kusema nilishawishiwa. Niliona kuwa ni busara, na nikamshawishi Daktari pia. Tuliwaambia wapangaji kwamba maji yana ile chumvi inayotia meno rangi ya kahawia, jambo ambalo kila mtu Nairobi amelisikia, na kwamba udongo huu unaiondoa. Uongo ule ulikaa vizuri. Ulikaa vizuri kupita kiasi. Wazee walicheka wakasema meno yao yamebaki matatu, yawe rangi yanayotaka. Vijana walisema kungoja ndoo ijichuje ni kazi ya mtu asiye na kazi. Kati ya vyumba kumi na vinne, sita tu ndivyo vilivyotumia ndoo kila siku, na kimoja kilikuwa cha Nekesa, si kwa sababu ya meno bali kwa sababu mimi nilimsihi mlangoni pake kila asubuhi mpaka akachoka. Ningesema neno moja la kweli, vyumba vyote kumi na vinne vingechuja.

Kwa hao sita nilifanya kazi kwa utaratibu ambao nilijivunia. Udongo hushiba. Ukishapitisha mitungi kadhaa, kutu haina tena nafasi na sumu inaanza kupita. Kwa hiyo kila mwenye ndoo alichora mstari wa makaa ukutani kwa kila mtungi, mimi nilihesabu mistari Jumamosi na kuandika daftarini, na siku ilipokaribia nilimtumia Odhiambo ujumbe wa simu, akaja na gunia jipya na kuondoka na udongo ulioshiba. Alikuja Agosti, akaja Oktoba, akaja mwanzoni mwa Desemba, wakati Nekesa alikuwa ameshajifungua mvulana. Mama Njeri alimwandalia chai kila mara, na waligombana kuhusu siasa kwa sauti za juu na kucheka kwa sauti za juu zaidi. Majirani walimzoea yule mtu mwenye mikono myekundu. Hivyo ndivyo nilivyoandika daftarini: wamemzoea.

Kura ilipigwa mwisho wa Desemba, na watu hawakutulia. Sitaeleza yaliyotokea nchini. Kila aliye na umri wangu ana yake. Nitaeleza ua wetu. Maduka yalifungwa, mfereji ukakauka kabisa, mikokoteni ya maji haikupita, na kisima chetu kikawa cha mtaa mzima. Watu walitoka ploti ambazo sikuwahi kuziona wakapanga mitungi hadi nje ya lango. Moshi ulikuja kutoka pande zote kwa zamu. Wapangaji wawili, familia za Kisumu, waliondoka na magodoro vichwani na vyumba vyao vikapata watu wengine jioni ileile. Nekesa alibaki kwa sababu hakuwa na pa kwenda na mtoto wa wiki sita. Maziwa yake yalikuwa yamekauka kwa hofu, na mtoto alikuwa akipewa ya unga yaliyokorogwa kwa maji ya kisima. Daktari alikuwa amesafiri nje kwa likizo. Aliniambia kwenye simu nikae ndani.

Jumamosi moja ya Januari nilihesabu mistari ya makaa ukutani, kama kawaida. Ndoo zilikuwa zimepitisha mitungi yake yote na kuzidi. Nikachukua simu na kuandika: "Fundi, udongo umeshiba. Tarehe imefika." Sikuandika asije wala sikuandika aje. Niliandika kile nilichoandika kila mara, kwa sababu tarehe ilikuwa imefika, na kwa sababu ng'ambo ya ua niliweza kumwona mtoto wa Nekesa akinyonya chupa. Odhiambo alijibu kwamba atakuja njia ikifunguka. Siku tatu baadaye palikuwa na utulivu wa saa chache. Akatembea kutoka Mashimoni, akavuka Ngong Road, akapitia Dagoretti Corner, gunia begani, akaingia langoni kwetu kama saa nne asubuhi akilalamika kwamba Wakamba wanajua kutuma watu lakini hawajui kutuma nauli.

Walimkuta amepiga magoti kando ya ndoo ya Nekesa, mikono yote miwili ndani, myekundu hadi viwiko. Walikuwa vijana kama kumi. Wengine niliwajua, mmoja alikuwa akiuza mahindi ya kuchoma kwenye kona yetu. Aliyewaongoza alivaa kofia ya sufu ya kijani na alizungumza kwa upole, kama karani. Aliomba kitambulisho, akasoma jina lote kwa sauti, taratibu, hadi la babu. Mama mmoja wa ploti ya jirani aliyekuwa kwenye foleni alisema kwamba amekuwa akimwona huyu mtu tangu mwaka jana akimwaga kitu chekundu kwa maji ya watu, na kwamba mtoto wake anaendesha tangu juzi. Alilisema bila hasira, kama mtu anayetoa ushahidi aliokaa nao. Nikaona kwamba foleni yote imeacha mitungi yake na kugeuka.

Kijana wa kofia aliinama akachota udongo kiganjani. "Fundi, hii ni nini?"

"Ni jiko, buda," Odhiambo alisema. "Jiko iliyovunjika." Akaokota punje na kuiweka ulimini, kama alivyofanya maelfu ya mara, na ikashika pale. Mtu mmoja alicheka. Odhiambo hakuweza kuitoa. Mdomo ulikuwa umemkauka.

Yule kijana akanigeukia mimi. "Sister, wewe ndio wa maji. Umekuwa ukiandika-andika hapa. Sema ukweli tu. Hii maji iko na sumu ama haina?"

Nimehojiwa na watu wengi maishani, na nimehoji wengi zaidi. Sijawahi kukutana na swali lililoulizwa kwa usafi kiasi kile. Jibu lake lilikuwa moja, nalo lilikuwa ndani ya mkoba wangu, kurasa kumi na saba zilizopigwa mistari kwa rula. Niliangalia nyuso na kuelewa kwamba habari ya josho ingehitaji dakika tano, na kwamba baada ya neno "iko" hakuna mtu angenipa hata moja.

"Haina," nilisema.

"Basi kunywa."

Alinijazia kikombe cha bati mwenyewe. Nilikunywa chote. Kilikuwa na baridi nzuri. Akajaza tena na kumpa Odhiambo, naye akanywa, na punje ikateremka pamoja na maji. Bado hawakuridhika, mtu nyuma alisema hao wawili ni timu moja, wamekunywa dawa ya kuzuia. Ndipo Mama Njeri alipotoka chumbani kwake, kanga kiunoni, akizungumza Kikikuyu na yule kijana kama mtu anayemgombeza mwana wa rafiki yake. Alipofika pampuni alibadilisha lugha ili wote wasikie.

"Hii maji ni ya ploti yangu," alisema. "Mimi nimekunywa tangu kisima ichimbwe. Huyu ni fundi wangu wa jiko. Kama kuna sumu, leteni nianze mimi." Akachukua kikombe kutoka mkononi mwa Odhiambo, akapampu mwenyewe na kunywa akiwa ameangalia macho ya yule kijana. Alikuwa amekiona kikaratasi. Katika ua mzima ni watu watatu tu tuliojua alichokuwa akikifanya, na wote watatu tulikuwa tumekunywa.

Walimwachilia. Kwanza walipiga ndoo mateke, zote sita, na kumwaga gunia lote jipya katika tope la pampuni, na mmoja ambaye hakupenda kuondoka mikono mitupu alimpiga Odhiambo rungu kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Nilisikia mfupa. Odhiambo aliushika mkono kwa mkono, akatoka langoni bila kugeuka. Mfupa ulishika vibaya. Alijifunza kukoroga kwa mkono wa kushoto, na hadi leo tukizungumza kwenye simu ananitania kwa yote isipokuwa siku hiyo, na hajarudi kukanyaga Kawangware. Alasiri ile foleni ya kisimani ilikuwa ndefu kuliko siku zote. Habari ilikuwa imeenea kwamba maji ya ploti ya Mama Njeri yamejaribiwa mbele ya watu, na watu watatu wamekunywa, na wako salama. Asubuhi ya pili nilifunga begi na kwenda Machakos, na sikumwambia mtu yeyote chochote. Hata Nekesa. Nilimpita mlangoni akiosha chupa ya mtoto.

Nilirudi Aprili, viongozi walipokuwa wameshatia saini makubaliano na watu wakaanza kuulizana habari za kawaida. Mama Njeri alinikaribisha chumbani. Alikuwa amekonda. Chai ilipokuwa ikichemka aliinua shuka na kuvuta kutoka chini ya kitanda ndoo mbili zilizopandana, zimepasuka pembeni na kuzibwa kwa mpira wa tairi. Siku ile ya Januari, watu walipokwisha kutawanyika, alikuwa ameinama pampuni na kuokota udongo ule kutoka kwenye tope, punje kwa punje, kama anayechagua mawe kwenye mchele. Ulitosha ndoo moja. Tangu hapo alikuwa akichuja mtungi mmoja kwa siku nyuma ya pazia na kumpelekea Nekesa kwa ajili ya mtoto, akimwambia ni maji aliyochemsha yakabaki. Nilikuwa na kijichupa changu. Nilipima yale maji na kikaratasi kikabaki cheupe. Nikamuuliza yeye anakunywa yapi.

"Ya nje," alisema. "Kila asubuhi, wakiwa wote kwa laini. Wasiponiona nikikunywa, wataanza kuuliza."

Nilimwambia nimekuja kuwaambia ukweli, kama tulivyopatana. Aliuliza kama Odhiambo yu hai. Nikasema ndiyo. Akasema basi tumwache akae hai, kwa maana wale vijana hawajahama, na yule wa kofia ndiye sasa amepewa kazi ya kulinda lango. Nilimwambia watoto kumi na mmoja wanakunywa maji yale. Nilikuwa nimewahesabu nikiingia. Alipunguza moto, akasema nifanye ninavyoona, lakini yeye asitajwe, si kwa ajili yake bali kwa ajili ya fundi, ambaye wangeanza kumtafuta. Niliahidi.

Nilipimia pampuni, mbele ya foleni, nikieleza kila hatua. Niliwaambia habari ya josho kuanzia mwanzo. Walisikiliza vizuri kuliko nilivyotarajia, na kikaratasi kilipogeuka kahawia nilikipitisha mkono kwa mkono. Kilipofika kwa yule kijana wa kofia, alikitazama pande zote mbili na kunirudishia kwa heshima.

"Sister, mwezi wa kwanza ulisema haina. Nilikuwa hapa. Sasa unasema iko nayo. Ulikuwa unadanganya ile siku ama leo?"

"Ile siku," nilisema.

"Si basi wewe ni mwongo." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa akitabasamu, na foleni ikacheka naye, kicheko cha watu waliochoka kuogopa. Mwingine akasema labda nimetumwa na wenye mikokoteni ya maji wanaotaka kurudisha biashara. Mama yule wa ploti ya jirani aliuliza mbona mtoto wake alipona akiwa anakunywa maji hayohayo. Nilijibu yote, kwa mpangilio, na kadiri nilivyojibu ndivyo walivyozidi kuiangalia mitungi yao. Kisha mtu akaita kuelekea chumba cha kwanza, akitaka Mama Njeri aseme yeye anajua nini.

Alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Alikuja akifuta mikono kwenye kanga, hakuniangalia. Alichukua kikombe cha bati, akapampu mara mbili, akanywa hadi mwisho, akakitingisha kutoa tone lililobaki. Foleni ikasogea, pampu ikaanza kulia. Nekesa alikuwa wa tatu, mtoto mgongoni, mkono kwenye mtungi wake. Alimtazama Mama Njeri, na Mama Njeri, bila kugeuza mwili, akainua kidevu kidogo kuelekea langoni, upande wa Satellite, ambako mfereji ulikuwa umeanza kutoa maji tena, mwendo wa nusu saa kwa mguu.

Nekesa alisema kwa sauti kwamba amesahau kitu motoni. Alitoa mtungi wake kwenye foleni, hakwenda mlangoni kwake, akatoka nao mtupu langoni. Aliyekuwa nyuma yake alisogeza wake mbele, nafasi ikajaa.